Samaki wa Maji Baridi

Edina Chilongani alifikisha miaka sitini na mbili bila kumtazama mkwe wake usoni, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Kilichomsumbua ni kwamba mkwe huyo alikuwa anafuga dagaa.

Haya, hawakuwa dagaa, na Silvano angewasikia wakiitwa hivyo angenuna siku nzima. Walikuwa samaki wadogo wa kutoka vijito vya milimani huko China, kila mmoja mrefu kama pingili ya kidole, wenye mstari unaong'aa ubavuni na mikia myekundu. Waliishi ishirini na nne ndani ya sanduku la kioo sebuleni, katika nyumba ya kupanga pale Chang'ombe ya Dodoma, pampu ndogo ikiwapulizia mapovu kutwa. Hawaliwi wala hawauzwi. Wanatazamwa tu. Edina alizaliwa kijiji cha jirani na Mvumi, ambako mtu huamka alfajiri kuifuata ndoo moja ya maji, na alipoelezwa habari hiyo mara ya kwanza aliuliza kama maji yote yale yamekosa kazi.

Lakini hilo aliliuliza kwa binti yake, Devota. Kwa mkwe asingethubutu.

Kwao Edina, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai sebule moja. Hawali pamoja, hawaitani majina, hawatazamani. Akisikia hatua za mkwe anavuta kanga, anageukia ukuta, anasubiri apite. Si chuki hata chembe. Ni heshima, tena ile ya juu kabisa, anayopewa mtu uliyemkabidhi mtoto wako. Sasa nenda kamweleze hayo Silvano, mtu wa Kigoma aliyeletwa Dodoma na ajira ya wizara, ambaye nyumbani kwao mama mkwe alikaa meza moja na wakwe zake akiwatania mpaka chakula kinapoa. Miaka sita alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, mama," na miaka sita akaitikiwa "Marahaba" na mgongo.

"Mama yako hanipendi," alimwambia mkewe.

"Mama, Silvano anasema hujawahi kumtazama," Devota akamfikishia mama yake.

"Ndiyo heshima yenyewe," Edina akajibu, akaendelea kuchambua mlenda.

Basi Devota akawa ndiye njia yao. La mume alilipeleka jikoni, la mama alilirudisha sebuleni, na ukali wa kila upande aliupunguza njiani. Kazi hiyo ingemchosha hata mtu mzima wa afya, na Devota afya yake haikuwa nzuri. Alikuwa amepoteza mimba mbili. Wiki moja baada ya ile ya pili, Silvano alikwenda Dar es Salaam kikazi akarudi kwa treni na mfuko wa maji mapajani, ndani yake samaki hao. Alisema nyumba ilikuwa kimya mno. Tangu hapo kila akirudi kazini aliinama mbele ya kioo akauliza, "Watoto hawajambo?" Edina alimsikia mara moja akiwa amekuja kuwatembelea, akaacha kuwaita dagaa kwa muda kidogo.

Sasa Devota alikuwa na mimba ya tatu, miezi saba, naye amelazwa hospitali ya Mvumi kwa sababu ya presha. Daktari alisema wazi, mbele ya Edina mwenyewe: mama huyu asishtuliwe, asiudhiwe, asipelekewe habari yoyote ya kumsumbua. Presha ikipanda tena hawatasubiri siku zitimie, watamzalisha, na mtoto bado mdogo. Edina alikwenda Chang'ombe kushika nyumba, maana Silvano alikuwa na safari ya siku tatu, kikao cha Arusha ambacho hakuweza kukikwepa. Alifanya kila kitu kama mtu anayebeba mayai. Aliogopa hata kuvunja kikombe.

Jumatatu asubuhi, bodaboda akipiga honi nje, Silvano alikumbuka kwamba hajaacha maagizo ya samaki, na Devota, mjumbe wao, hayupo. Edina alikuwa jikoni, nyuma ya mlango. Kuingia humo asingeweza. Kijana wa watu akasimama koridoni na begi begani, akaliambia friji lililokuwa hapo.

"Chakula kidogo sana, asubuhi tu," alisema kwa sauti, macho kwenye mlango wa friji. "Maji yakipungua yaongezwe. Lakini hawa ni samaki wa maji baridi, mama. Wawekewe maji baridi tu, siyo mengine."

Honi ikalia tena, akaondoka.

Aliyesoma shule ya Silvano anajua samaki wa maji baridi ni samaki wa mito na maziwa, asiye wa chumvi. Alichotaka kusema ni kwamba barazani kulikuwa na mapipa mawili: la buluu lenye maji ya bomba, na jeusi lenye maji ya kisima, yale ya chumvi ya kufulia. Alitaka yaongezwe ya buluu. Hakuna zaidi. Lakini Edina Kiswahili alikikuta ukubwani, sokoni na kanisani, nako huko maji baridi ni maji yanayouma meno. Tena sauti yenyewe ilikuwa inatokea pale kwenye friji! Ungekuwa wewe ungeelewaje?

Mtu mwingine angetoka akauliza, baridi kiasi gani. Edina hakuweza kutoka, na hakuweza kuuliza.

Jumanne jua la Oktoba liliwaka Dodoma kama limetumwa. Saa tano asubuhi Edina alikwenda kuwaangalia samaki akakuta maji yameshuka upana wa kidole. Akagusa kioo. Kilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Samaki wa maji baridi, na wanakaa humu! Akawaona jinsi walivyokuwa wakipita huku na huko, akaamini kabisa kwamba wanatafuta pa kukimbilia joto.

Tena alifurahi, hilo lisemwe. Miaka sita hakuwahi kumfanyia mkwe wake kitu kwa mikono yake. Ugali aliosonga ulipelekwa mezani na Devota, na shukrani ililetwa na Devota. Hiki kingekuwa chake. Alichota maji nusu ya sanduku kwa jagi, taratibu, asimchote samaki, akayamwagia mchicha uliokuwa nyuma ya nyumba. Kisha akamimina chupa zote za maji zilizokuwa kwenye friji, saba. Yalipoonekana bado hayatoshi, alikwenda kwa jirani Joha, mwanamke wa Kondoa aliyeuza barafu na juisi ya ubuyu kibarazani, akanunua barafu nne kubwa, akazifungua mifuko, akaziteremsha moja moja.

Samaki wakatulia. Edina akavuta kigoda, akakaa kuwatazama kwa mara ya kwanza. "Pumzikeni," aliwaambia.

Baada ya dakika ishirini alianza kuona wanapumzika kupita kiasi. Walikuwa wameshuka wote chini, kwenye changarawe, wamesongamana pembeni. Ule mstari ubavuni ulikuwa umefifia. Mikia haikuwa myekundu tena, ilikuwa rangi ya kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Mmoja akainuka kidogo, akapinduka, akalala ubavu.

"Yesu wangu," Edina alisema.

Alizitoa zile barafu kwa mikono, maji yakimchuruzika viwikoni. Akagonga kioo. Mwingine akalala ubavu. Akakimbilia jikoni, akabandika sufuria kwenye gesi, na maji yalipoanza kutoa mvuke akaibeba hadi sebuleni, akasimama nayo juu ya sanduku. Hapo mikono ikamgomea. Kwa maji baridi amewalaza. Je, kwa ya moto si atawapika? Alikuwa hajui. Katika nyumba ile nzima hapakuwa na mtu anayejua, na aliyejua alikuwa Arusha, naye ni mkwe wake.

Akaiweka sufuria chini, akamwita Joha dirishani.

Joha alikuja, akachungulia, akapiga kofi la mshangao. "Mama Devota, hawa umewaua."

"Hawajafa. Huyu anahema, tazama."

"Sikiliza. Sema umeme ulikatika, pampu ikazima. Nani atakubishia? Mimi nitakuwa shahidi."

Edina alilifikiria hilo, tusimsingizie utakatifu. Alilifikiria kwa muda wa kuvuta pumzi tatu au nne. Aliuona uongo huo umelala hapo, mwepesi, tayari kuchukuliwa. Kisha akafikiria atakayeambiwa uongo huo kwanza: Devota. Silvano angerudi, angekuta watoto wake wamekufa wote mikononi mwa mama asiyempenda, na asingemgombeza mama mkwe. Angekwenda Mvumi, akakaa pembeni ya kitanda cha mkewe, na uso wake ungesema kila kitu. Na daktari alishasema.

"Mpigie wewe," alimwambia Joha. "Muulize nifanye nini. Mimi siwezi kuongea naye."

"Huwezi kwa nini?"

"Ni mkwe wangu."

Joha alimtazama kama anayetazama kichaa, akachukua namba kwenye simu ndogo ya Edina, ambako Devota aliiandika MKWE, akapiga kwa simu yake. Ikapokewa. Na Joha, ambaye hajawahi katika maisha yake kuanza habari mwanzoni, akaanza katikati.

"Haloo, mimi Joha jirani yako. Njoo haraka, baba, hali mbaya. Amelala ubavu, hapumui vizuri, mama analia—"

Sauti ya Silvano ilisikika hadi pale aliposimama Edina. "Nani? Devota? Devota amefanya nini?"

Simu ikakata. Joha akaitazama. "Salio limekwisha," alisema.

Edina alielewa yote kwa mara moja. Mtu yule huko Arusha sasa anaamini mkewe anakata roho. Na mtu anayeamini hivyo atafanya nini? Atampigia mkewe. Atampigia, na Devota atasikia sauti ya mume wake inatetemeka, naye atashtuka, kitandani, na ile presha.

Samaki wakamtoka akilini. Alichukua simu yake ndogo, akaitafuta MKWE, akabonyeza. Hakuwahi kuibonyeza. Mwanamke wa kwenye mtandao akamwambia namba anayopiga inatumika.

"Anampigia," Edina alisema. "Anampigia mwanangu!"

Akabonyeza tena. Inatumika. Kanga ikamdondoka begani akaiacha hapo hapo chini. Akabonyeza mara ya tatu, midomo ikitembea katika maombi ambayo hakuyasikia mwenyewe. Ikaita.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwa akikimbia. "Mama, ni wewe?"

Miaka sita ya kunyamaza, na kabla yake mama yake, na mama wa mama yake, wote walikaa kwenye koo lake. Joha alimsukuma begani.

"Silvano," alisema.

Akaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Silvano, Devota mzima. Mtoto mzima. Ni samaki."

"Nini?"

"Ni samaki wako waliolala ubavu. Siyo Devota. Nasema Devota ni mzima! Umempigia?"

"Nimempigia mara mbili hapokei." Sasa alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima, na watu wa kikao huenda walimsikia. "Hapokei, mama, nikajua basi tena."

"Saa hizi analala. Wanampa dawa, analala. Usimpige tena, unanisikia? Usimpige!"

"Sipigi."

Wote wawili wakahema. Joha naye akaketi sakafuni, mkono kifuani, kana kwamba si yeye aliyeuwasha moto huo.

"Kata nikupigie, utaishiwa salio," Silvano alisema.

"Sikati," Edina akasema. Alijijua. Angekata, asingejua kuanza upya. "Niambie nifanye nini. Niliwawekea maji baridi kama ulivyosema, na barafu nne, na sasa hawana rangi."

"Barafu?" Silvano aliuliza. "Mama, maji baridi maana yake si ya chumvi. Ya kwenye pipa la buluu."

"Si ya chumvi?"

"Si ya chumvi."

Hasira ikampanda Edina, hasira safi, ya mtu aliyeogopa kuliko alivyostahili. "Basi si useme yasiyo na chumvi! Unasimama unaliambia friji maji baridi, mimi nielewe nini? Mtu msomi wewe! Ungesema pipa la buluu ningekosea?"

Silvano akasema polepole, "Nililiambia friji kwa sababu wewe hutaki kuniona."

Joha aliinuka, akatoka nje kwa ncha za vidole. Hata yeye ana mahali anapokomea.

"Sikiliza," Edina alisema. Alikuwa amejishika ukingo wa meza. "Kwetu mkwe hatazamwi. Mume wangu alikufa mama yangu hajui kama ana ndevu. Hatukuchukii. Ukimtazama mkwe ni kama umemdharau, ni kama umemwona mtoto mdogo tu. Mimi nilikuheshimu, Silvano. Nilikuheshimu miaka yote hiyo, na wewe ulidhani nakutema."

"Nilidhani hivyo," alisema. "Sikujua vingine."

Edina akafuta uso kwa kiganja.

Kisha Silvano akamwelekeza, kwa sauti ya kazi. Maji ya moto asiweke hata tone. Asiwalishe. Pampu iendelee. Dirisha lifunguliwe joto la mchana liingie, na maji yarudi taratibu yenyewe. Samaki hao kwao ni milimani, baridi wanaiweza. Wanachoshindwa ni kushtuliwa. Edina aliposikia neno hilo, kushtuliwa, akatazama upande wa Mvumi bila kujijua.

"Wangapi wamelala?" Silvano aliuliza.

Akaweka uso karibu na kioo, akawahesabu kwa sauti, simu sikioni. Kumi na watatu. Baadaye kumi na mmoja. Mmoja alipojinyanyua akasimama wima, Edina alipiga ukelele hata Silvano akacheka, na hapo ndipo salio lilipokwisha. Silvano alipiga mwenyewe baada ya dakika tano, na tena saa nane, na saa kumi. Kila mara Edina alipokea. Ilipofika jioni, kumi na watano walikuwa wanaogelea na mikia imeanza kuiva. Tisa hawakuamka.

Hakuwatupa. Aliwapanga kwenye kisahani, akafunika kwa kisahani kingine, akaweka kwenye friji. Alitaka Silvano awaone.

Jumatano saa kumi na moja jioni geti lililia. Edina alikuwa amekaa sebuleni, kwenye kochi, mahali ambapo yeye hakuwahi kukaa wakati Silvano yuko nyumbani. Aliposikia hatua, mwili wake uliinuka wenyewe na mkono ukaikamata kanga. Akaulazimisha mwili ukae. Moyo ulimdunda kama wa binti anayesubiri kuposwa, ila kwa hofu tupu.

Hatua zikasimama mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Silvano," alisema, akainua macho.

Alikuwa na mwanya. Miaka sita, na hakujua kwamba mkwe wake ana mwanya mkubwa kati ya meno ya mbele, wala kwamba masikio yake yametoka nje, wala kwamba chini ya macho ana mifuko ya mtu asiyelala. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Edina alitaka sana kuangalia pembeni. Hakuangalia.

Silvano ndiye aliyeinamisha macho. Akachuchumaa mbele ya kioo, akawahesabu wazima, midomo ikitembea. Edina akamletea kile kisahani, akakifunua. Kijana aliwatazama wale tisa kwa muda mrefu, na hakusema kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Akamgusa mmoja kwa ncha ya kidole.

"Nisamehe," Edina alisema.

Alitikisa kichwa, kukubali au kukataa, haikujulikana. Kisha akaketi sakafuni pale pale, karibu na miguu ya mama mkwe wake, na wote wawili wakawatazama kumi na watano wakipita.

Simu ya Edina ikaita. Alikuwa Devota, sauti ya usingizi, lakini nzuri. Presha imeshuka, alisema, daktari amefurahi. Kisha kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka zamu yake: "Mama, jana nimekuta Silvano alinipigia mara mbili. Ameniandikia meseji, anasema atapita nyumbani kwanza kabla ya kuja huku, nikuambie usihangaike kumpikia, atakula—"

"Ameshaniambia," Edina alisema.

"Nani amekuambia?"

"Mwenyewe. Amekaa hapa."

Nyuma ya sauti ya Devota, Edina alisikia vyombo vya chai vya wodini.

"Hapa wapi, mama?"

"Hapa sebuleni. Nimekaa naye." Akaisogeza simu katikati, kati ya sikio lake na la Silvano. "Sema tu, mwanangu. Tunakusikia wote."